Mbwa Akianza Kula Tena Usidhani Amepona: Yale Tulipitia na Homa ya Kupe Kahawa West

Kama unafuga mbwa hapa Nairobi na ukisikia kupe unafikiria tu kujikuna, wacha nikupe stori yetu, juu hata sisi tulikuwa tunaona kupe ni kitu ya kawaida tu, jioni mnakaa veranda mnapiga domo huku unamtoa mbwa kupe wawili watatu nyuma ya sikio, unawakanyaga na slipasi, maisha yanasonga. Tuko na mbwa wawili. Bosco ni chotara wa German Shepherd, kijana bado, na Sheba ni mbwa wa kienyeji mwenye umri wake, huyo tulimkuta kwa ploti tukihamia na akakubali tukae.

Ilianza baada ya mvua ndefu kuisha, ile baridi ya Juni imeingia. Bosco akaacha kukimbilia geti. Mtu anabisha, yeye anainua kichwa tu anarudisha chini. Chakula anainusa anaenda, na hiyo ni ugali na matumbo, si mchezo. Nikasema ni baridi. Halafu asubuhi moja nikakuta matone ya damu kwa simiti kutoka mlangoni hadi kwa kibanda chake, pua moja inatoa damu polepole, hata yeye anashangaa anairamba.

Soja wetu, mzee mmoja mpole sana, akasema bila kufikiria mara mbili, "Mama, huyu ametegewa. Wezi wanaanzanga na mbwa." Na hapo sikumcheka, mtaa kama wetu mbwa kulishwa sumu ni kitu inatokea, kwa hivyo maziwa yakaletwa mbio mbio, Bosco akakataa hata maziwa. Mzee akamwangalia tena, akaona kupe kwa shingo, akabadilisha: basi ni ndigana, kwao ng'ombe akiwa na kupe na akatae nyasi ni ndigana tu, anapigwa sindano anaamka.

Kwa hivyo tukaita jamaa wa agroveti. Alikuja na boda, hakupima joto, hakuangalia fizi, akapiga sindano mbili, moja ilikuwa dawa ya rangi ya chai ya rangi, akachukua elfu moja mia tano yake kwa M-Pesa na akasema kesho atakula. Na aki kesho yake Bosco alikula! Akamaliza sahani, akabweka kidogo, sisi wote tukasema jamaa ni moto, mzee wa geti akatembea siku nzima kifua mbele.

Sasa hapo ndipo shida yote imelala, na ndio maana nimeamua kuandika. Kila mtu niliyeongea naye baadaye, mbwa wake akiwa amekufa na hii kitu au amebaki mgonjwa mgonjwa, stori ni ile ile: alidungwa, akaanza kula, tukajua amepona. Daktari wa mifugo tuliyemwona baadaye alinieleza kwamba ile dawa ya rangi ya chai pengine ilikuwa oksitetrasaiklini, ambayo ni ya familia moja na dawa yenyewe inayotibu huu ugonjwa, homa ya kupe inayoletwa na bakteria anaitwa Ehrlichia. Kwa hivyo sindano moja haikuwa uchawi wala utapeli, ilifanya kazi kweli, lakini nusu kazi. Inawapunguza bakteria, homa inashuka, mbwa anasikia njaa, wale waliobaki wanajificha kwa wengu na uboho wanangoja. Na ndigana ya ng'ombe ni maneno mengine kabisa, hiyo inaletwa na kimelea kinaitwa Theileria na kupe tofauti, mbwa haipati hata akilala zizini.

Daktari aliniuliza jina la ile dawa nikakosa la kusema. Mtu akija kukudungia mbwa, piga chupa picha. Hata kama unamwamini. Hiyo picha ingetuokolea maswali mengi sana.

Wiki kadhaa zikapita. Bosco alikuwa anakula, ndio, lakini alikuwa anakonda, nikawa najiambia ni vile amekua mrefu. Siku moja amelala chali nimkune tumbo, nikaona madoa. Madogo, mekundu, kama mtu amemdonadona na biro nyekundu pale ngozi haina manyoya, karibu na mapaja. Nikabonyeza moja na kidole nikitegemea itapotea kama upele wa joto, haikupotea. Nikainua mdomo, fizi ambazo nilizijua ni za waridi zilikuwa zimefifia na ziko na yale madoa pia. Kama kuna kitu moja utachukua kwa hii stori, jifunze rangi ya fizi za mbwa wako akiwa mzima, juu usipoijua ya kawaida hutajua imebadilika lini.

Safari hii tukaenda kliniki, ile inajulikana, daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board na cheti kiko ukutani. Kumpeleka ndio ilikuwa drama, matatu hawakutaka hata kusikia, teksi ya kwanza ikaona mbwa ikaondoka, ya pili ikakubali tukiongeza mia tatu na tuweke shuka kwa kiti. Hiyo bajeti pia, watu huisahau.

Daktari aliniita Mama Bosco kutoka dakika ya kwanza, sijui kwa nini hiyo ilinituliza. Akapima joto: 40.2. Mbwa mzima anakaa kati ya 38.3 na 39.2 hivi, kwa hivyo usiwahi pima kwa kugusa pua, mbwa wako akiwa baridi kwa pua bado anaweza kuwa anachemka. Akagusa mitoki chini ya taya na nyuma ya magoti, imevimba. Akabonyeza tumbo akasema wengu ni mkubwa. Halafu akaniuliza kitu sikutarajia: nyumbani mnaweka sumu ya panya?

Kumbe mzee wa geti hakuwa mbali sana. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na mbwa aliyeila au aliyekula panya aliyeila anaweza kutoka damu puani vilevile. Tofauti inaonekana kwa damu: ya sumu, muda wa kuganda unakuwa mrefu wakati chembe zenyewe za kugandisha kwa kawaida hazijaisha, na ya kupe, hizo chembe ndizo zinaisha. Kwa karatasi ya maabara zinaandikwa PLT. Ndio maana huwezi kujua kwa kumwangalia mbwa kwa macho, awe ni jamaa wa agroveti, awe ni profesa.

Akatoa damu kwa mguu wa mbele, na tone lingine akalitoa kwa ncha ya sikio kwa kigae cha hadubini. Mimi nikauliza kwani damu ya mguu haitoshi. Akasema babesia, ambayo pia inaletwa na kupe na pia iko sana hapa kwetu, inaonekana kwa urahisi zaidi kwa damu ya sikio. Na hapa kuna jambo watu wanachanganya na linagharimu: babesia si bakteria, ni kimelea kinachokaa ndani ya chembe nyekundu, sindano yake ni imidokabu. Ehrlichia ni bakteria, inaingia chembe nyeupe, dawa yake ni doksisaiklini. Zote mbili watu wanaita homa ya kupe, zote zinaanza na homa na kukataa chakula, na mbwa anaweza kuwa nazo zote pamoja kwa sababu kupe hawaji mmoja mmoja. Ukitibu moja kwa kubahatisha, unaweza kuwa umeacha nyingine.

Pale alipomdunga kuchukua damu ilibidi nishikilie pamba kwa muda mrefu sana, nikiachilia kidogo inatoka tena. Nilikuwa nalia sasa, wacha nisifiche.

Majibu: babesia haikuonekana. PLT ilikuwa 41, na karatasi inasema kawaida ni kuanzia 200 hadi 500. Damu yenyewe imepungua, ile kiwango kinaandikwa HCT ilikuwa 28 na mbwa anafaa kuwa 37 kwenda juu. Halafu kile kipimo cha haraka cha matone, kikatoka chanya kwa Ehrlichia. Daktari akawa muwazi, akasema hicho kipimo kinatafuta kingamwili, yaani mwili umewahi kukutana na huyu bakteria, hakisemi ni leo ama mwaka jana. Na mwanzo kabisa wa ugonjwa kinaweza kutoka hasi juu mwili haujaanza kutengeneza hizo kingamwili. Lakini ukiweka pamoja na homa, madoa, wengu na PLT ya namna hiyo, hakuna kingine cha kungojea. Chini ya hadubini mara chache unaweza kuona bakteria wenyewe wamejikusanya ndani ya chembe nyeupe, wetu hawakuonekana, na kutoonekana hakumaanishi hawapo.

Pesa sasa. Kumwona daktari 1,500, damu kamili karibu 2,000, kipimo cha haraka ndicho kiliniuma, 4,000 na kidogo. Ongeza teksi. Bwanangu akaniuliza kwa simu, "Elfu nane na mbwa hata hajalazwa?" Halafu dawa yenyewe, kapsuli za mwezi mzima, ikawa bei rahisi kuliko teksi. Doksisaiklini ni dawa ya zamani, iko kila duka la dawa, na kiwango ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, kwa siku 28. Bosco alikuwa karibu kilo 30, kwa hivyo kapsuli tatu za 100. Nakuandikia hiyo uelewe hesabu, usinunue ukampa kabla damu haijatolewa, juu ukishaanza kumpa vipimo vingine vinaharibika na hutawahi kujua ulikuwa unatibu nini.

Kuzipa nako kuna ujanja wake. Tumbo tupu anatapika, siku ya kwanza alitapika kapsuli nzima nikaiona pale sakafuni inaniangalia. Baadaye nikawa nampa nusu ya chakula kwanza, kisha kapsuli ndani ya kipande cha maini, kisha chakula kilichobaki na maji, juu hii dawa ikikwama kooni inachoma. Maziwa hapana, yanazuia dawa isiingie vizuri. Na dawa zetu za maumivu, zile brufeni na daiklofenaki ziko kwa kila droo Nairobi hii, usimpe kamwe, zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na huyu tayari damu yake haigandi.

Siku ya pili ya dawa homa ikashuka. Siku ya tatu anakula kama hajawahi kuona chakula. Na unajua kilichofuata? Bwanangu, kwa nia njema kabisa, akasema tubakishe zingine akirudiwa. Jirani wa nyumba ya nyuma, ambaye mbwa wake pia alikuwa amelala lala, akaja kwa mlango kuniomba nimpunguzie kapsuli kumi hivi. Mzee wa geti akasema dawa nyingi zinaua maini. Yaani kila mtu, pamoja na tumbo la Bosco, alikuwa ananiambia hii kitu imeisha.

Nilishikilia kwa sababu daktari alikuwa amenichorea nyuma ya risiti jinsi huu ugonjwa unatembea. Kuna mwanzo, wiki mbili hadi nne za homa na kutoka damu. Wengi hapo wanaonekana wamepona, hata bila dawa. Halafu kuna kipindi cha kimya, mbwa anakula, anacheza, anazaa, na bakteria wako ndani miezi, hata miaka. Wengine wanawashinda kabisa. Wengine wanaingia kile kipindi cha mwisho ambapo uboho unachoka kutengeneza damu, na hapo hata doksisaiklini inakuwa kama haisaidii. German Shepherd na chotara zao wanaumia hapo zaidi ya wengine. Nilienda kusoma nikakuta huu ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, na wakati wa vita vya Vietnam mbwa wa jeshi la Marekani walikufa nao kwa mamia, wengi wakiwa German Shepherd. Nikamwangalia Bosco na masikio yake. Nikamwambia jirani ampeleke wake akapimwe, akanuna, tukaendelea.

Halafu kuna Sheba. Daktari alikuwa amesema tumlete pia, bwanangu akaona hiyo ni biashara sasa, mbwa hana shida yoyote, anakula, mnene, hata paka wa jirani anamkimbiza. Tukampeleka tu. Kipimo chanya, PLT 112. Hakuwa na dalili hata moja. Inawezekana amekaa nayo tangu kabla sisi hatujahamia, na kila kupe mchanga aliyenyonya kwake akikua na kushikilia Bosco anaweza kumpelekea. Naye akaanza siku zake 28. Kama uko na mbwa zaidi ya mmoja, pima wote, hasa yule mnasema ni ngangari.

Sasa twende kwa ukuta, juu hapa ndipo nilishangaa kuliko kliniki. Yule kupe wa kahawia wa mbwa, *Rhipicephalus sanguineus*, anapenda mbwa kwa kila hatua ya maisha yake, lakini haishi kwa mbwa. Ananyonya siku chache, anaanguka, anatafuta ufa, anabadilika, anarudi tena kunyonya. Jike akishiba anapanda ukuta na kutaga mayai maelfu. Na anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Daktari aliniambia chukua tochi usiku uende kwa kibanda. Nikaenda na mzee wa geti. Mahali mabati yanakutana na mbao, na kwa ukuta wa mawe ambapo simiti imebanduka, walikuwa wamejipanga kwa mistari, wadogo wekundu kama vumbi chini, wakubwa wa kijivu juu karibu na dari. Mzee akasema jina la Mungu. Tulikuwa tunamtoa mbwa kupe watatu jioni na mamia wanatuangalia.

Magunia ya kulalia tukachoma. Nyufa tukaziba na simiti. Kibanda na ukuta tukapuliza dawa ya kupe ya agroveti, tukarudia kila wiki mbili hivi kwa miezi, kwa sababu mayai hayafi na dawa, yanaanguliwa baadaye. Fuata kipimo cha kuchanganya kwa chupa, vaa glavu, funga mbwa mbali hadi pakauke. Ukiwa na paka chunga sana, soma jina la dawa ya kupe kwa chupa: amitrazi si ya paka, na permethrini inaua paka. Kutoa kupe kwa mwili, shika na kibano karibu na ngozi vuta pole pole bila kumpasua, umtupe kwa spiriti. Mambo ya mafuta ya taa na kiberiti achana nayo.

Kwa mbwa wenyewe tulianza tembe za kutafuna, moja ni kama 2,500 kwa mwezi kwa mbwa wa saizi ya Bosco, kuna zingine za miezi mitatu ambazo bei ni mara mbili lakini hesabu yake ni afadhali. Kama mbwa wako huwa na kifafa sema kabla ya kupewa. Na zinaua kupe akishauma, sasa Ehrlichia inaweza kupita ndani ya masaa machache tu ya kuumwa, ndio maana daktari alitaka tuongeze kola ya kufukuza. Chanjo ya huu ugonjwa hakuna, mtu akikuuzia kimbia.

Viroboto nao walipatikana njiani. Daktari alimchana Sheba mgongoni, vumbi jeusi likaanguka kwa tishu, akaidondoshea maji, ikageuka nyekundu: ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Viroboto wana bakteria wao, Bartonella na Rickettsia, ingawa kwa mbwa wa hapa kupe ndio shida kubwa. Tembe ile ile inawaua.

Watoto niliuliza mapema. Ehrlichia ya mbwa kwa kawaida haihamii kwetu, lakini kupe huyo huyo anaweza kumpa mtu homa nyingine ya Rickettsia, ambayo kwa vitabu vya madaktari ina jina la nchi yetu kabisa. Mtoto akipata homa na kidonda cheusi mahali ameumwa, usiishie kupima malaria, mwambie daktari nyumbani kuna kupe.

Damu ilirudiwa dawa zikiisha, Bosco PLT 236, na tena baada ya wiki kadhaa bila dawa, ikakaa. Hiyo ya pili ndiyo muhimu, juu ndiyo inaonyesha kama amesimama mwenyewe. Sheba naye akapanda polepole. Jirani alipeleka wake hatimaye, ilikuwa babesia, kapsuli zangu zisingemsaidia na kitu.

Juzi nilimpeleka Bosco kliniki nyingine iko karibu kwa chanjo ya kichaa, wakafanya kipimo cha haraka wakaniambia ana Ehrlichia aanze dawa mwezi mzima tena. Hizo kingamwili zinaweza kukaa miezi hadi miaka baada ya kutibiwa. Nikatoa simu nikawaonyesha picha za karatasi zote za PLT, nikawaomba wapime damu kamili kwanza. Ikatoka 251. Wakampiga chanjo, nikalipa, tukatafuta teksi ya kukubali mbwa.